Mkojo wake ulitoka safi, lakini kijana alianguka mbele yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya bweni hapa Mbeya, upande wa milimani, huku ambako mwezi Juni ukungu haunyanyuki mpaka saa nne asubuhi. Nafundisha Baiolojia, na huu ni mwaka wa tatu nikiwa mwalimu wa malezi na unasihi. Mafunzo ya unasihi niliyopata ni semina ya siku mbili. Nakwambia hilo mapema ili ujue anayekuandikia amesimama wapi.

Jumamosi moja mwezi uliopita wanafunzi walipewa ruhusa ya kwenda Mwanjelwa kununua mahitaji yao. Walirudi jioni, wakahesabiwa, wakala. Saa mbili usiku, wenzake wakiwa prepo, nikaitwa bwenini kwa wavulana. Kijana wa kidato cha tatu, mtulivu, ambaye kwenye maabara yangu huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, alikuwa amejibana kwenye kona nyuma ya kitanda. Macho yamemtoka, jasho linamtiririka katika baridi ile, anatapika, anapiga kelele kwamba kuna watu dirishani wanamwita. Nilimshika mkono nihesabu mapigo ya moyo nikashindwa, yalikuwa yanakimbia mno.

Tukawauliza wenzake watatu aliokwenda nao mjini: mwenzenu kala nini? Wakasema hawajui. Tukauliza tena kwa ukali, wakanyamaza kabisa. Matroni akaleta maziwa, tukamnywesha kwa nguvu. Mwalimu mwenzangu akammwagia ndoo ya maji. Wanafunzi wakaanza maombi, wengine wakisema ni mashetani. Kisha akakakamaa, mikono na miguu ikarukaruka, povu likamtoka. Hapo ndipo tulipotafuta gari. Toka nilipoitwa mpaka tunafika hospitali ni muda wa saa mbili.

Namshukuru Mungu yu hai. Ila hospitalini walimpima mkojo kutafuta bangi, hakikuonekana kitu. Malaria hana. Mkuu wa shule akasema basi kijana aliigiza, au ana ugonjwa wake wa nyumbani. Baba yake, mkulima wa viazi wa Uyole, anasema mwanawe amerogwa kwa ajili ya ugomvi wa shamba, na anataka kumchukua ampeleke kwa mtaalamu kijijini kwao.

Siku tatu baadaye kijana mdogo wa kidato cha pili alinifuata ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Akasema kaka zake wa kidato cha tatu walinunua kipakiti cha rangi rangi chenye majani makavu, kwa mtu mmoja karibu na maegesho ya malori. Muuzaji aliwaambia siyo bangi, haina kesi, na haionekani kwenye kipimo. Walivuta wote wanne. Watatu walipata kizunguzungu tu. Akalia, akanisihi nisimtaje. Nikamwahidi.

Bodi ya shule inakaa wiki mbili zijazo. Mkuu anapendekeza wote wanne wafukuzwe, polisi waje kufanya msako mabwenini, vinunuliwe vipimo vya mkojo tupime shule nzima, na aalikwe kijana aliyewahi kuwa teja aje awatishe wanafunzi paredi. Mimi nimeagizwa kuandaa maelezo ya kitaalamu. Bangi naijua kwa harufu, na arosto ya unga, yale mateso ya aliyekosa heroini, nimeiona mtaani kwetu. Hiki sikijui. Nitaeleza nini mbele ya bodi? Na yule mdogo nimfanyeje?

Mwalimu wa malezi, Mbeya

*

Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Kabla ya kushika kalamu hii nilikuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka mingi huku Nyanda za Juu Kusini, na nimekaa kwenye benchi nje ya wodi na wazazi wengi wenye swali lile lile la baba wa kijana wako. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Barua hii unaweza kuisoma mbele ya bodi kama ilivyo.

Nianze na mkojo, maana hapo ndipo kikao chenu kitakapojikwaa. Kile kijiti cha kupimia bangi hakitafuti ulevi. Kinatafuta kitu kimoja, mabaki ya kiini kinacholevya kwenye bangi, kile kinachoandikwa THC. Chukua mtu aliyelala barabarani kwa gongo, mpime kwa kijiti hicho hicho: kitatoka safi. Hakuna atakayesema basi hakulewa, alikuwa anaigiza. Kwa hiyo jibu la hospitali lilikuwa sahihi, na kijana wako naye hakudanganya. Kilichokosewa ni tafsiri ya mkuu wako.

Sasa kuna jamii ya kemikali zinazotengenezwa maabara ambazo hugusa sehemu zile zile za ubongo zinazoguswa na bangi, lakini umbo lake ni jingine, hivyo kijiti hakizitambui. Asili yake si biashara ya wahuni. Marekani, katika Chuo Kikuu cha Clemson, alikuwapo mwanakemia John W. Huffman aliyetengeneza mamia ya kemikali za namna hiyo ili wanasayansi waelewe ubongo unavyofanya kazi. Moja iliitwa JWH-018, kwa herufi za jina lake. Aliandika matokeo yake kwenye majarida kama mwanasayansi yeyote, na watu wengine wakayasoma kwa macho mengine. Mwaka 2008 maabara za Ulaya ziliikuta kemikali hiyo kwenye vipakiti vilivyouzwa kama ubani wa kufukiza nyumba, kwa jina la Spice. Nchi moja ikaipiga marufuku, watengenezaji wakabadilisha kipande kidogo cha kemikali, wakatoka na nyingine isiyo kwenye orodha. Mchezo huo umeendelea mpaka leo, na dawa mpya za kulevya za kila aina zilizoripotiwa kwa Umoja wa Mataifa zimepita 1,000. Uingereza ilichoka kukimbizana na majina, na mwaka 2016 ikaanza kutumia sheria inayozuia kitu kwa sababu kinalevya, liwe jina lake lolote.

Ndiyo maana sikushauri ukariri majina. Mwalimu anayejua majina kumi ya mwaka huu, mwakani yatakuwa yamepitwa. Ila jua kwamba yule muuzaji wa maegesho hakubuni maneno yake. "Siyo bangi, haina kesi, haionekani kwenye kipimo" ndiyo lugha iliyouzia bidhaa hizi kila zilikopita. Huko Ulaya vipakiti vingine viliandikwa kabisa kwamba si kwa matumizi ya binadamu, ili muuzaji ajikinge. Anayemwambia mtoto kwamba haionekani kwenye kipimo anamwambia ukweli nusu. Nusu anayoificha ni kwamba daktari naye hataiona.

Umeniambia walivuta wanne na mmoja tu akaanguka. Hili mweleze baba yake kwa lugha ya shamba lake, atalielewa kuliko wajumbe wote wa bodi. Majani yale kwenye kipakiti hayana kazi, ni majani tu. Kemikali huyeyushwa, ikapuliziwa juu yake, ikakauka. Yeye amepulizia viazi dawa ya ukungu miaka yote. Anajua bomba likiwa bovu nini hutokea: shina moja linalowa chapachapa, la jirani halipati hata tone. Ndivyo na kipakiti kile. Watatu walivuta majani yaliyopata tone, mwanawe akavuta yaliyolowa. Hakuna anayejua kwa kutazama kwamba lipi ni lipi, hata anayeuza hajui. Tena THC ya bangi hufungua mlango wa ubongo nusu, nyingi kati ya kemikali hizi huufungua wote. Moyo kukimbia, kutapika, kuona watu dirishani, kukakamaa: yote uliyoyaandika yanajulikana kwa dawa za jamii hii, na figo nazo huweza kuumia. Kama ndiyo hiyo kweli alivuta au ni kitu kingine, maabara tu ndiyo itasema. Mfuko ule ukipatikana ukabidhiwe polisi, wao wana utaratibu wa kuupeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya. Usiuweke kwenye droo yako hata siku moja, na usiunuse.

Kuna ukoo mwingine ambao ninyi walimu wa huku mnaweza kuuelewa haraka, kwa sababu mama yao mnamjua. Mirungi ina kiini kiitwacho kathinoni, ndicho kinachomkesha dereva. Maabara zimetengeneza watoto wa kathinoni wenye nguvu kuliko mama. Mmoja, mefedroni, ulitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1929, ukasahaulika, ukafufuliwa na kuuzwa kwa wingi miaka ya 2000, mara nyingi ukiitwa chumvi ya kuogea au mbolea ya maua. Uingereza iliupiga marufuku mwaka 2010. Mwanafunzi anaweza kuupokea kama unga au kidonge cha kumsaidia asilale usiku wa mtihani, na hapo ndipo ninapowaogopea watoto wa kidato cha nne kuliko wengine wote. Hawatafuti starehe, wanatafuta usingizi uondoke. Mwili huchemka, hasira huja bila sababu, na siku ya tatu bila kulala mtu huanza kusikia sauti.

Mkuu wako akisema hayo ni mambo ya Ulaya, mkumbushe barabara inayopita chini ya shule yenu. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni ya Dar es Salaam na Iringa. Iringa hii hii ya Ipogolo, kwenye barabara hiyo hiyo. Mwaka 2025 ikatangaza zaidi ya tani 18 za mitragyna speciosa, mmea wa Asia ambao wengi wetu hatukuwa tumeusikia, zikiwa zimeandikwa kuwa ni mbolea. Na Afrika Magharibi, Aprili 2024, Rais Julius Maada Bio wa Sierra Leone alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya kush, majani yanayovutwa na vijana. Wachunguzi waliopima kush wamekuta ndani yake kemikali za jamii ya Spice na nyingine ziitwazo nitazini, ndugu wa heroini zilizobuniwa miaka ya 1950 kama dawa za maumivu na hazikuwahi kuingia hospitalini. Vijana wale walidhani wanavuta kitu kimoja.

Sasa nije kwenye muda ule wa saa mbili. Hapa, Mwalimu, naomba unisikilize kwa moyo wako wote, maana ndipo maisha ya mtoto mwingine yatakapookolewa au kupotea.

Maziwa hayafanyi kazi. Najua mama zetu walitufundisha kwamba sumu yoyote ni maziwa. Mtoto anayetapika na aliyechanganyikiwa akinyweshwa kwa nguvu, maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hicho peke yake kinaua. Maji ya chumvi vivyo hivyo, na kumtapisha kwa kidole. Ndoo ya maji kwa mtu anayeona maadui dirishani inamthibitishia kwamba kweli anashambuliwa. Akiwa wa moto mno, mfungulie sweta, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Watu watoke chumbani, abaki mmoja au wawili anaowafahamu, sauti iwe ya chini, taa isiwe ya kumulika macho. Asifungwe kamba wala kukandamizwa kifudifudi. Akikakamaa, ondoa vitu vinavyoweza kumjeruhi, weka nguo chini ya kichwa, tazama saa, usimtie kijiko mdomoni. Akitulia, mlaze ubavu. Na gari litafutwe tangu dakika ya kwanza, wakati mengine yote yanafanyika, siyo baada ya maombi. Maombi yanaweza kupanda gari pamoja naye.

Sura ya pili ya hatari haina kelele hata kidogo, na ndiyo inayonitisha zaidi. Mwanafunzi amelala mapema, anakoroma kwa sauti nzito isiyo ya kawaida yake, ukimwita haamki, ukimfinya haamki, midomo imeanza kubadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Wenzake husema mwache alale, itaisha. Huyo halali. Pumzi inakatika. Ni sura ya vidonge vya maumivu kama tramado vikizidi, ya heroini, ya zile nitazini. Mlaze ubavu, usimwache peke yake hata kwa dakika ya kuita mtu, mkimbize. Hospitali zina sindano ya naloksoni inayofungua pumzi kwa dawa za jamii hiyo, lakini lazima afike mapema.

Mngefanya haya yote tangu mwanzo kama wale watatu wangesema "tumevuta". Kwa nini hawakusema? Hawakuwa na roho mbaya. Mwenzao alikuwa anakakamaa mbele yao, nao walikuwa wanapiga hesabu ya kufukuzwa shule. Sheria yenu ya nidhamu ilikuwa chumbani usiku ule, imesimama kati ya mgonjwa na gari. Kwa hiyo jambo la kwanza kuliomba bodi, kabla ya jambo lingine lolote, ni hili: mwanafunzi yeyote atakayemleta mwenzake mgonjwa, au kueleza alichotumia, hataadhibiwa kwa maneno hayo. Litangazwe paredi na mkuu mwenyewe kwa kinywa chake, libandikwe bwenini, lirudiwe kila muhula. Kesho yake mnaweza kuketi na mtoto na wazazi wake mkaongea juu ya makosa. Usiku wa tukio swali ni moja, na liulizwe kwa sauti ya mama: "Mwanangu, amekula nini, tumsaidie?"

Kuhusu kuwafukuza wanne. Mwalimu, nimewaona waliofukuzwa. Wanashuka na mkoba wao mpaka stendi, wanapanga geto na rafiki, wanapewa bodaboda ya hesabu, na muuzaji yule yule sasa wanaishi naye mtaa mmoja. Shule ndiyo kinga kubwa kuliko zote aliyonayo mtoto wa umri huo. Wapewe adhabu inayowabakiza: wazazi waitwe, ruhusa za mjini zisimame kwa muda, wawe wanakutana na wewe kila wiki. Aliyevuta mara moja kwa udadisi na aliyeanza kuuza siwaweki kapu moja, na bodi nayo isiwaweke.

Msako wa mabwenini utawapa sigara mbili na simu tano. Vitu hivi ni vidogo. Vingine huwekwa kwenye maji ya sigara za kielektroniki zinazofanana na kalamu au flashi. Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Bath kilipima sigara hizo 596 zilizonyang'anywa wanafunzi katika shule 38, kikakuta karibu moja kati ya sita ina Spice. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2024. Spice hiyo mara nyingi huuzwa kwa watoto kama bangi ya maji. Na vipimo vya mkojo kwa shule nzima nakataa moja kwa moja: mtawakamata wachache waliovuta bangi ya kawaida, na kuwafundisha wengine wote kwamba cha salama ni kile kisichoonekana. Mtakuwa mmemfanyia muuzaji matangazo ya bure. Fedha hizo nunueni mafuta ya gari la dharura.

Hata kijana aliyewahi kuwa teja, nampenda na namheshimu kwa safari yake, lakini asiletwe kutisha. Shirika la Afya Duniani na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya wana mwongozo wa pamoja wa kinga, toleo la pili ni la 2018, na unasema wazi kwamba hotuba za kutisha na ushuhuda wa waliotumia zamani haupunguzi matumizi shuleni, wakati mwingine unaharibu. Mtoto anamwona mtu mzima mbele yake, amevaa vizuri, anapigiwa makofi, anajisemea kumbe unaweza kuingia ukatoka. Kinachosaidia ni vipindi vingi vinavyofuatana, ambamo wanafunzi wanaongea wao zaidi ya mwalimu na wanafanya mazoezi ya kukataa kwa maneno yao wenyewe. Wewe ni mwalimu wa Baiolojia. Mada ya mfumo wa fahamu unaifundisha tayari. Kipindi kimoja cha mlango wa ubongo na bomba bovu la kupulizia kitawakaa kichwani kuliko picha za kutisha.

Dalili nazo nisizipite, ingawa kila orodha niliyowahi kuiona inamfanya mwalimu amshuku mtoto mwenye njaa. Tazama mabadiliko kwa yule unayemjua. Kijana wa kwanza maabara akianza kuwa wa mwisho, marafiki wote wakabadilika kwa mwezi mmoja, usingizi ukageuka mchana, fedha za matumizi zikaisha Jumatatu. Halafu muulize kuhusu nyumbani kwanza, maana mara nyingi ni ada, au mama anaumwa. Na kifafa, tafadhali. Huku kwetu kwenye ufugaji wa nguruwe, Mbozi na kwingineko, kuna kifafa kinacholetwa na mayai ya tegu wa nguruwe mtu akiyameza, kisha lava wake wakajificha kwenye ubongo. Ni jambo linalojulikana na linatibika. Kijana akianguka tena bila kuvuta chochote, madaktari waambiwe anatoka kwenye familia inayofuga au la.

Baba yake usibishane naye juu ya ulozi. Utashinda hoja na kumpoteza mgonjwa. Mwambie hivi: "Baba, maombi endelea nayo, mimi naomba kliniki tu asikose." Aliyeona watu dirishani mara moja anaweza kuwaona tena wiki za mbele, hasa akikosa usingizi au akivuta hata pafu moja, kwa hiyo afuatiliwe kwenye kitengo cha afya ya akili. Akiwa wa kwanza kulala bwenini kwa mwezi mzima, mruhusuni. Kuna watakaomwambia mzee ampeleke kwenye methadoni. Kliniki hiyo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya na inafanya kazi kubwa, ila methadoni ni tiba ya walionaswa na heroini na ndugu zake. Kwa alichopata mwanawe haina kazi, asipotezewe nauli na matumaini.

Limebaki la yule mdogo aliyefunga mlango mwenyewe. Ahadi yako itunze. Bodi inahitaji kujua kilichotokea na mahali kilipotokea, haihitaji kujua nani kakwambia. Sema: "Nimepata taarifa ninayoiamini." Wakikubana, sema tena maneno hayo hayo. Muuzaji wa maegesho ni mtu mzima, na yeye aripotiwe. Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka, eleza mahali, saa na kipakiti kinavyofanana. Taja mahali na kipakiti tu, mtoto asiingie kwenye maelezo. Wala usimtume mwanafunzi yeyote akanunue kingine kwa ajili ya ushahidi, hata polisi jamii wa mtaa akikuomba.

Lakini kabla ya kupiga simu hiyo, kabla hata ya kuandika maelezo ya bodi, mwite yule mdogo. Mwambie unachokwenda kusema na usichokwenda kusema, ili asije akasikia paredi akadhani umemgeuka. Mwambie kaka yake yu hai. Muulize na yeye amelalaje tangu siku ile, maana alichokiona kitandani kwa wenzake hakuna aliyemuuliza bado. Kisha niandikie bodi itakavyoamua. Nitasubiri.

Shangazi